Ua wa Minyaa

Kwetu Shinyanga hakuna aliyewahi kukata tawi la mnyaa akampelekea mchumba. Maua yake hata huyaoni, kivuli chake hakimfai hata kuku, na vijani vyake huchipua na kupukutika kabla hujavizoea. Kinachobaki ni vijiti vya kijani, unene wa penseli, vimesongamana hadi kupita kichwa cha mtu. Ukivunja kimoja kinatoa utomvu mweupe mzito, na ole wako ukigusa jicho.

Mimi uliniingia nikiwa mchunga ndama. Nilipiga kelele hadi shangazi, aliyekuwa akinyonyesha, akaitwa anikamulie maziwa jichoni. (Hospitalini watakwambia maji safi, mengi, na upesi.) Tangu hapo mimi na minyaa hatukusalimiana. Nilipokwenda kusoma Mwanza, nikaona kuta zilizofunikwa na bogonvilia, niliporudi likizo nikamwomba baba tung'oe ule ua tuzungushe seng'enge. Baba aliniuliza seng'enge inauzwaje, nikamtajia, akaendelea kula.

Kiangazi kimoja kibaya kilinilegeza kidogo. Mbuzi walikula hadi nyasi za paa la banda, lakini minyaa hawakuigusa, nayo ilibaki kijani kana kwamba mvua ilinyesha jana. Baadaye nilisoma kwamba vile vijiti ndivyo vinavyofanya kazi ya majani, na kwamba hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, jua likiwa halipo kuvinyang'anya maji. Nilisoma pia kuhusu Melvin Calvin, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961, ambaye baadaye alitaka mnyaa ulimwe ili utomvu wake ugeuzwe mafuta ya kuendeshea mitambo. Hayo nayo yalinifurahisha, ila kufurahia mmea kitabuni ni rahisi.

Heshima yenyewe ililetwa na ugomvi wa ardhi. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, babu na watu wake walihamishwa kutoka mji wao wa zamani wakapelekwa karibu na barabara. Nyumba zikaanguka, mvua ikasawazisha kuta, miti mizuri ikaishia jikoni. Minyaa haikuwa na mwenye haja nayo. Miaka mingi baadaye mtu akadai yale mahame ni ya ukoo wake, nasi hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji wakaja na wazee, wakaifuata minyaa, ambayo sasa ilikuwa miti kamili. Bibi mmoja alisimama penye mwanya akasema hapa ndipo ng'ombe walipoingilia. Akahesabu nyumba za wake wa babu, moja baada ya nyingine, kwa kufuata mipindo ya ua ule. Mdai alisikiliza, akavaa kofia yake.

Sasa nina kiwanja nje kidogo ya Dodoma. Fundi alidhani natania nilipomwambia sitaki ukuta upande wa nyuma. Unakata vipande, unaviacha kivulini siku chache utomvu ukauke, unavichomeka ardhini, basi. Mke wangu amekataa isipandwe wanakochezea wajukuu, na sikubishana naye. Jirani ameshaomba mbegu ya kwake. Nimempa fungu zima pamoja na miwani yangu ya kuchomelea.