Theluji ya karatasi kwenye madirisha ya Winooski

Katikati ya Desemba, jua huzama saa kumi na robo jioni huko Winooski, mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Watoto wakitoka shule wanabakiwa na muda mfupi tu wa mwanga, kisha giza. Ukipita mtaani saa kumi na moja unaona taa zimewashwa kila nyumba, na kwenye vioo vya madirisha kumebandikwa maua meupe ya karatasi. Mengine yana pembe sita, mengine nane, na machache ni matundu matupu yaliyotobolewa na mtoto wa miaka mitatu aliyekabidhiwa mkasi kwa mara ya kwanza.

Hizo ndizo chembe za theluji za karatasi, kazi ya mikono ambayo karibu kila mtoto wa Marekani ya kaskazini hufundishwa shuleni majira ya baridi. Katika madirisha ya Winooski zina hadithi ya ziada, kwa kuwa nyuma ya baadhi yake wapo wazazi ambao theluji waliyokuwa wakiijua ni ile ya kileleni mwa Kilimanjaro, nayo kwa picha tu.

Winooski una ukubwa wa takriban kilomita nne za mraba. Zamani uliishi kwa viwanda vya nguo za sufu vilivyojengwa kando ya mto. Pamoja na jirani yake Burlington, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Champlain, kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi kutoka nchi nyingi, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali wa asili ya Kibantu. Wapo waliokaa miaka mingi kwenye kambi za Kigoma kabla ya kupanda ndege. Wakati wa Uviko-19, taarifa za afya huko zilitolewa pia kwa Kiswahili na Kirundi.

Mtu aliyetoka Nyarugusu na kushukia Vermont mwezi Januari hukutana na usiku unaoshuka nyuzi joto 10 chini ya sifuri, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa msimu mmoja huanguka theluji ya karibu mita mbili ukiijumlisha yote. Jambo la kwanza ambalo mzazi wa namna hiyo hufanya linaeleweka kabisa: anafunga mlango. Kwetu mama akiona mtoto kavua sweta asubuhi ya Julai, neno la kwanza kumtoka mdomoni ni nimonia. Sembuse huko ambako pumzi inaonekana kama moshi.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Majira hayo hudumu miezi minne hadi mitano. Mtoto anayetoka shule na kufungiwa ndani hadi kesho yake, televisheni ikiwa yaya, hukosa mwanga, hukosa kukimbia, na hewa anayovuta ni ile ile ambayo familia nzima imeikoholea. Nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hupata nafasi nzuri zaidi watu wanaposongamana ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Baridi kali inaweza kudhoofisha kinga ya pua na njia ya hewa, hilo halikataliwi, lakini mtoto aliyevaa vizuri na kucheza nje nusu saa haokoti nimonia kwenye theluji. Kinachomkinga zaidi ni chanjo yake ya nimonia na ile ya mafua ya kila mwaka, kunawa mikono, na kutovuta moshi wa sigara ndani ya nyumba.

Liko pia suala la vitamini D. Burlington iko zaidi ya nyuzi 44 kaskazini mwa Ikweta. Katikati ya majira ya baridi jua la huko huwa chini mno angani, kiasi kwamba ngozi haiwezi kutengeneza vitamini hiyo hata ukikaa nje, na ngozi nyeusi ndiyo inayohitaji jua zaidi. Upungufu wake ukizidi huleta matege. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinapendekeza uniti 400 kwa siku kwa mtoto mchanga na 600 kuanzia mwaka mmoja, na kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama hilo kwa kawaida huwa matone. Mama aliyelelewa mahali ambapo jua ni kero asidhani daktari anamuuzia dawa bure.

Sasa turudi kwenye meza ya jikoni, karatasi zikiwa zimetawanyika. Kosa ambalo karibu kila familia hufanya ni la hesabu. Ukikunja karatasi nusu, nusu tena, na nusu tena, utapata ua la pembe nne au nane. Ni zuri, ila halijawahi kuanguka kutoka mawinguni. Theluji ina pembe sita, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa mfumo wa sita sita, kama vyumba vya sega la nyuki. Mwaka 1611 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler, akiishi Prague, aliandika kijitabu kizima kuuliza kwa nini iwe sita, akakitoa kama zawadi ya mwaka mpya. Hakupata jibu kamili, ingawa naye alikumbuka masega ya nyuki.

Kupata sita ni hivi. Anza na karatasi ya mraba. Ikunje kona kwa kona ipate kuwa pembetatu, kisha ikunje nusu iwe pembetatu ndogo zaidi. Ile kona iliyo katikati ya karatasi yako sasa igawe mara tatu: upande wa kulia uje mbele, wa kushoto uende nyuma, kama mtu anayekunja manda ya sambusa. Akina mama wanaokunja sambusa kila Ramadhani hulipata jambo hili mara moja, wakati walimu huhangaika nalo. Kata masikio ya juu yaliyojitokeza, ubaki na kipembe chembamba chenye tabaka 12. Toboa na kata pembeni, ila usimalize mkunjo wote, la sivyo ua litaanguka vipande viwili.

Tabaka 12 ni nyingi kwa vidole vidogo. Tumia karatasi nyembamba; ile ya kuchujia kahawa inafaa sana kwa kuwa tayari ni duara na ni laini. Mkasi uwe wa ncha butu. Mtoto wa miaka mitatu mpe nafasi ya kukata vipande ovyo, wa miaka mitano ataanza kufuata mstari, na wote wawili wanaimarisha misuli ile ile watakayoshikia kalamu. Uko ufundi mwingine unaopendwa huko, wa kuotesha fuwele kwenye uzi kwa kutumia boraksi. Unapendeza kwa macho, lakini boraksi ni sumu ikimezwa na inafanana na sukari. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, afadhali ubaki na karatasi.

Anayetaka kujua theluji halisi inafananaje hana haja ya kwenda mbali. Kama kilomita 20 mashariki mwa Burlington kipo kijiji cha Jericho, na kando ya barabara kuu kuna kinu cha zamani chenye rangi nyekundu, juu ya mto. Ndani yake imehifadhiwa kazi ya Wilson Bentley, mkulima aliyezaliwa Jericho mwaka 1865, ambaye watu wa huko walimpa jina la utani la Snowflake.

Bentley hakusoma shule hadi alipokuwa na miaka 14. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani. Mama huyo ndiye aliyempa darubini ndogo ya kutazamia vitu vidogo, na kijana akaanza kutazama theluji na kujaribu kuichora. Ilikuwa inayeyuka kabla penseli haijamaliza. Baba yake, ambaye aliona mambo yote hayo ni upuuzi, mwishowe alikubali kununua kamera. Tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, Bentley alipata picha ya kwanza ya chembe moja ya theluji. Katika maisha yake alipiga zaidi ya 5,000. Kazi hiyo aliifanya kwenye kibanda kisicho na moto, akidaka theluji kwa ubao mweusi na kuilaza taratibu kwa unyoya wa ndege, huku amebana pumzi ili asiiyeyushe.

Jambo ambalo watoto hulipenda zaidi ni hili: Bentley naye alikuwa anakata. Picha zake zilitoka na mandharinyuma meupe, ua jeupe juu ya weupe, halionekani vizuri. Kwa hiyo alichukua nakala ya kila picha na kisu kidogo, akakwangua pembezoni mwa ua zima, pembe kwa pembe, ili lisimame kwenye weusi. Wapo wataalamu waliomlaumu kwamba kwa kukwangua huko alikuwa anabadilisha umbo. Lakini picha zile ndizo zilizofanya ulimwengu uamini kwamba hakuna chembe mbili zinazofanana, na kitabu chake chenye picha zaidi ya 2,400 kilitoka mwaka 1931.

Mwezi Desemba mwaka huo huo alitembea kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji, akaugua nimonia, akafa tarehe 23. Mzazi mwenye hofu ataisikia habari hii na kusema: si nilisema? Lakini Bentley alikuwa na miaka 66, na dawa za kuua vijidudu zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa madaktari. Miaka zaidi ya 45 kabla ya hapo alikuwa kwenye baridi ile ile kila majira, akiwa hai na mwenye furaha.

Kwa hiyo kabla ya mkasi, toka nje na mtoto. Mvalishe nguo za tabaka, moja zaidi ya unazovaa wewe, na kofia, soksi kavu na glavu. Glavu nyeusi ni bora, au mbebe kipande cha kitambaa cheusi kilichokaa nje dakika kumi kipoe. Theluji ikianguka idakeni, mbane pumzi kama Bentley, mtazame. Ikiwa hali ya hewa mawinguni ni karibu nyuzi 15 chini ya sifuri, mtaona nyota zenye matawi, zile za kwenye kadi. Karibu nyuzi 5 chini ya sifuri hakuna ua, kuna vijiti na sindano tupu, na mtoto aliyezoea za karatasi atadai ametapeliwa. Aliyeyapanga mambo hayo ni Mjapani, Ukichiro Nakaya, ambaye mwaka 1936 alifanikiwa kuotesha chembe ya theluji maabara huko Hokkaido, juu ya unywele wa sungura.

Vidole vikianza kufa ganzi au kubadilika rangi, rudini ndani, muvipashe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na msivisugue. Ndipo mkae mezani. Mtoto aliyeona kwa macho yake hukata tofauti na aliyeiga kadi. Mara nyingi hukata kidogo, na hahitaji tena kuhesabiwa sita.

Baadhi ya familia hupiga picha za madirisha na kuzituma kwa simu Kigoma, Bujumbura au Uvira, ambako bibi huuliza kama hiyo ndiyo theluji yenyewe au ni karatasi. Theluji yenyewe huondoka mwezi Aprili na kuiachia Vermont majuma kadhaa ya matope, barabara za vijijini zikiteleza kama za kwetu wakati wa masika. Za karatasi hubaki kwenye vioo hadi gundi igeuke rangi, au mpaka mama achoke kufuta kioo kwa kuzizunguka.