Kikohozi Nilichokiziba

Jumatano ile, tarehe 24 Machi 2021, Palma ilipovamiwa, nilitoka nyumbani na simu isiyo na chaji, mfuko wa karanga za kukaanga, na mpwa wangu mgongoni, nimemfunga kwa kapulana ya mama yake. Dada alikuwa amebeba kichanga chake cha miezi minne, basi huyu wa miaka miwili akawa wangu. Wengi mnaosoma hapa mlipita njia hiyohiyo, kwa hiyo sitaieleza.

Karanga ndizo zilizomnyamazisha. Akianza kulia nampa moja, anahangaika nayo mdomoni, ananyamaza. Usiku wa pili tulikuwa chini ya mikorosho, watu kama ishirini, tukasikia pikipiki. Mtoto akaanza kulia. Nikamtia karanga mbili tatu mdomoni kwa haraka, naye yuko katikati ya kilio. Akavuta pumzi, akapaliwa. Kikamtoka kikohozi kikali, kile cha kutoa macho. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Kijana, mnyamazishe." Nikamziba mdomo kwa kiganja mpaka pikipiki zilipopotea. Nilipomwachia alikoroma kidogo, akapumua, akalala.

Dada akauliza gizani, "Kaka, mtoto kapaliwa?"

Nikamwambia, "Hapana, ni baridi tu."

Tukafika Quitunda, baadaye tukapata mashua mpaka Pemba, tukashukia pwani ya Paquitequete, na mwishowe tukaletwa huku Metuge. Siku za mwanzo mtoto alikuwa mzima kabisa, anacheza. Mimi mwenyewe nikajiaminisha kwamba ile karanga alishaimeza. Kisha homa ikaja, na kikohozi, na pumzi yenye mluzi kama filimbi iliyopasuka. Kituo cha afya wakasema nimonia, wakampa amoksilini. Akapona. Wiki mbili, homa tena. Dawa, akapona. Mara ya tatu alikuwa amekonda, mdomo unanuka, usiku anatoa jasho mpaka mkeka unalowa. Pale kambini wakasema ni vumbi, wengine wakasema kifua kikuu, bibi mmoja akasema mtoto ametupiwa jicho. Dada alilipa dawa za kienyeji kwa mafuta ya kupikia tuliyopewa kwenye mgao.

Kila foleni tuliyopanga tuliulizwa jina, umri, mlikotoka, mpo wangapi. Hakuna aliyeuliza kama mtoto aliwahi kupaliwa. Nasema kweli, hata wangeuliza mbele ya dada, nisingejibu.

Aliyeuliza ni nesi mmoja, mama wa makamo. Aliweka kipimo chake kifuani kushoto, akasikiliza, akahamia kulia, akarudi kushoto. Akasema ugonjwa uko upande mmoja tu, na mara zote tatu ulikuwa upande huohuo. Akamtuma dada kwenda kuchukua kadi ya mtoto, kisha akanigeukia mimi. "Mjomba, huyu mtoto alipaliwa na nini?"

Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Tukapelekwa hospitali kubwa, mbali. Daktari wa huko alinichorea njia ya hewa kwenye karatasi, ni kama mti uliogeuzwa juu chini. Tawi la kulia ni pana zaidi na limenyooka zaidi, ndiyo maana kitu kikipotea njia mara nyingi huangukia kulia. Chakula kina njia yake na hewa ina yake, na mtoto anayelia au kucheka au kukimbia huku ana kitu mdomoni huvuta hewa na kitu kile pamoja. Tena wa umri ule magego ya kusagia karanga bado hayajakamilika. Karanga haionekani kwenye picha ya eksirei kama sarafu inavyoonekana. Inakaa mle, inavimba kwa unyevu, mafuta yake yanauma nyama ya ndani, makohozi yanakwama nyuma yake, yanaoza. Dawa inaua wadudu, lakini karanga ipo palepale, basi wadudu wanarudi. Mpwa wangu alikuwa ameshafanya jipu ndani ya pafu.

Walimlaza usingizi wakaingiza bomba lenye taa kupitia mdomoni. Daktari alinisimulia, nadhani ili nitulie, kwamba kazi hiyo ilianza kwa Mjerumani mmoja, Gustav Killian, mwaka 1897, alipomtoa mkulima kipande cha mfupa wa nguruwe. Nikasema astaghfirullah, naye akacheka. Wakatoa nusu karanga, nyeusi, na usaha mwingi. Akabaki kwenye dripu siku nyingi.

Nilimuuliza daktari ningefanya nini usiku ule. Akasema mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe, kikohozi ndicho kinachosukuma kitu nje. Akishindwa kukohoa wala kulia, ainamishwe, apigwe kwa kisigino cha mkono katikati ya mabega mara tano. Ikishindikana, kichanga ageuzwe chali akandamizwe kifuani mara tano. Aliyezidi mwaka ashikwe kutoka nyuma, asukumwe tumboni juu ya kitovu, kwa ndani na juu, mara tano. Unarudia hivyohivyo mpaka kitoke au msaada ufike. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta usichokiona. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Pikipiki sikumtajia.

Dada nilimwambia kwenye chapa, tukirudi, mtoto kalala mapajani mwake. Hakunijibu. Siku mbili hakuniita hata kwenye chakula. Siku ya tatu mpwa wangu akaja peke yake mpaka mlangoni kwa turubai langu, anatembea polepole asimwage, ameshika bakuli la matapa. Karanga zilikuwa zimetwangwa laini kabisa, kama unga.