Mji Uliokatazwa

"Mama, mbona pameitwa Mji Uliokatazwa, na sisi twaingia?"

Binti yangu aliniuliza hivyo tukiwa katika foleni, mbele ya lango la kusini la kasri kuu la Beijing, nchini China. Sikuwa na jibu.

Jina la asili ni Zijincheng, nalo lina maneno matatu. Zi ni zambarau, ishara ya nyota za kaskazini, ambako Wachina wa kale waliamini ndiko kwenye makao ya mtawala wa mbinguni. Jin ni katazo. Cheng ni mji wenye ukuta. Huko Vietnam, wafalme wa Nguyen nao walilipa kasri lao la Hue jina hilohilo.

Kasri la Beijing lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420. Ukuta wake una kimo cha mita 10 hivi, na handaki la maji lenye upana wa mita 52 limeuzunguka. Humo wafalme 24 walitawala kwa takriban miaka 500, na raia hakukanyaga bila idhini.

Lakini katazo lilikuwa na upande wa pili. Katika enzi ya Qing, kila baada ya miaka mitatu, mabinti wa koo za kijeshi walipelekwa humo kukaguliwa. Aliyechaguliwa kuwa mke wa mfalme hakuweza tena kwenda kwao apendapo.

Nilizikumbuka nyumba za kale za Lamu. Kuta zake ni nene pia, ila mgeni hupiga hodi akakaribishwa, na mama akitaka kumjulia hali nduguye, hutoka. Hiyo ni stara. Ukuta usiojua hodi wala kwaheri ni kifungo, hata ukipambwa kwa dhahabu.

Mfalme wa mwisho, Puyi, aliondolewa kasrini mwaka 1924, na mwaka uliofuata pakawa makumbusho. Leo Wachina hupaita Gugong, yaani kasri la kale.

Tulipotokea lango la kaskazini, nilimjibu binti yangu: "Waliokatazwa si wa nje pekee, mwanangu. Hata wa ndani."

Alinyamaza. Nami nikakumbuka ni mara ngapi nimemwambia "huendi" bila kumpa sababu. Tangu siku ile, nimkatazapo jambo, humweleza kwa nini.