Bawaba za kabati ya Baba

Katika vijitabu kama hiki mmekwisha kusoma juu ya ngoma, mahari na majina ya mapacha. Sisi tunaleta bawaba. Msicheke. Ni kitu kidogo, mafundi wa Lubumbashi wanakiita sharnieri, lakini kilitugombanisha nyumbani miezi tatu, na hata leo dada yetu bado ana neno moyoni.

Baba yetu alikuwa seremala. Alifariki mwaka 2018, akaacha karakanani kabati moja ya mulombwa iliyo karibu kwisha: kiunzi, rafu, hata milango miwili, imeegemezwa ukutani. Ilibaki kuitundika tu. Aliifanya kwa kufuata picha za kitabu cha Kiingereza alichopewa zamani na mteja mmoja, kitabu cha samani za watu walioitwa Arts and Crafts. Kiingereza Baba hakukijua, lakini picha alizisoma kwa kidole.

Watu hao walikuwa nani? Uingereza ya karne ya 19, mashine zilikuwa zimejaza nyumba za watu vitu vya bei rahisi na mapambo ya uongo. William Morris na wenzake wakasema kazi ya mkono irudishiwe heshima yake. Mwaka 1887 wafundi wa mwelekeo huo walianzisha chama kule London, na mwaka 1888 wakafanya maonyesho yao ya kwanza. Mwaka 1893 Ernest Gimson na ndugu wawili wa jamaa ya Barnsley waliacha mji, wakahamia mashambani, kwenye vilima vya Cotswolds. Pale Sapperton Gimson alikuwa na mhunzi wake, Alfred Bucknell, wa kumfulia vyuma. Na huko Marekani Gustav Stickley alitoa gazeti lake, The Craftsman, tangu 1901 hadi 1916. Samani zake za mwaloni zilikuwa nzito, bila urembo mwingi, na vyuma vyake vingi vilikuwa vya shaba nyekundu iliyopigwa nyundo.

Shaba! Hapo ndipo dada yetu alisimama. Sisi watu wa Katanga, shaba ndiyo ilikuwa fedha ya wazee wetu, misalaba ile ile iliyowekwa kwenye bendera mwaka 1960. Na mafundi wanaoipiga nyundo tunao hapa hapa mjini. Mbona tutafute mbali? Alitaka bawaba ndefu, ulimi wa shaba unaolala juu ya mlango, watu wauone tangu barazani. Alifungua kitabu akatuonyesha kabati ambayo Voysey aliichora mwaka 1899, bawaba za shaba ya manjano zimetanda usoni kabisa. “Munaona? Haikufichwa!”

Yaya wetu, ambaye ndiye alirithi patasi za Baba, alikataa. Inafaa tueleze sababu, maana ndiyo kiini cha ugomvi.

Mlango wa siku hizi unafunika kiunzi. Ukikaa vibaya kidogo, nani ataona? Lakini mlango wa Baba unaingia ndani ya kiunzi, nyuso zao zinalingana, na pande zote nne unaona mwanya mwembamba, milimita moja au moja na nusu. Mwanya huo hausamehe. Bawaba ikilegea hata kidogo, mlango unainama, mwanya wa juu unafunguka kama mdomo na kona ya chini inaanza kukwaruza. Sisi tuliliona jambo hili kwa macho yetu, kwa sababu tulianza na ujinga: tulinunua bawaba za soko, zile za bati jembamba lililokunjwa kuzunguka pini. Wiki mbili tu, na mlango wa kushoto ulikuwa umekwisha kuchora mstari kwenye mti wa Baba. Mama alipitisha kidole pale, hakusema kitu. Ni afadhali angetugombeza.

Basi tukaenda kwa mpiga shaba. Mzee yule aliangalia mlango, akaupima kwa mikono, akasema: “Shaba inapenda kupigwa, haipendi kubeba. Ni laini. Pale pini inazunguka, itakulika.” Angeweza kutufulia nene, na pini ya chuma, lakini alipendekeza njia ingine: atengeneze ulimi wa shaba wa kupendezesha tu, na nyuma yake tutie bawaba ya kawaida ifanye kazi. Dada alilipa siku ile ile. Yaya alikasirika sana. “Hiyo ni uongo! Bale Bangereza balikimbia mujini juu ya uongo kama hiyo.”

Tulifikiria pia bawaba za kisu, zinazofichwa juu na chini ya mlango. Lakini kuchimba mahali pake wakati kabati imekwisha kugundishwa ni taabu, tukaziacha.

Halafu, siku tunasafisha vumbi, taa ikaanguka upande wa ndani wa kiunzi na tukaona mistari. Mistari miwili membamba ya kigezo cha Baba, kwenye ukingo, usawa na mbao za ulalo za mlango, mwachano wake milimita 65. Alikuwa amekwisha kupima. Bawaba ya majani mawili, ya kuchimbiwa ndani, isiyoonekana ila fundo lake tu. Dada alisema mistari iko upande mmoja tu, labda Baba alibadili shauri. Hatukuweza kumjibu. Hata sasa hatuwezi.

Zile za shaba ya manjano, nzito, pini haichezi, tulizipata Kitwe, ng’ambo ya mpaka. Bei yake tusiitaje. Yaya alichimba kitanda cha kila jani kwa patasi, kidogo kidogo, kina kisizidi unene wa jani. Vise za shaba zinakatika upesi, kwa hiyo alitangulia na vise ya chuma ya kipimo kile kile, akaitoa, ndipo akaingiza ya shaba imepakwa nta. Alitia moja tu kwa kila jani, tukafunga mlango, tukaufungua, tukapitisha kadi kwenye mwanya pande zote. Ikapita. Ndipo alizikaza zote.

Kila mwaka mwezi wa kwanza, mvua ikizidi, mlango wa kulia unavimba na kushika juu. Yaya anataka kupitisha randa. Mama anakataa, anasema mwezi wa sita utajiachia wenyewe, na kweli unajiachia. Ndimi za shaba ziko ndani ya mtoto wa kabati, zimefungwa katika gazeti. Dada akija, anazitoa, anaziweka juu ya mlango, anarudi nyuma hatua mbili kuangalia.