Konokono wa Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Mahenge hufika kwanza Ifakara, kisha huuvuka mto Kilombero. Nyuma yake ameiacha milima ya Udzungwa, mbele yake yainuka milima ya Mahenge, na katikati ni bonde pana la mpunga na matete. Wakati wa masika mto hufurika. Maji yapunguapo, huacha madimbwi na vijito viendavyo polepole.

Humo, chini ya majani ya maji, hukaa konokono ambaye wataalamu humwita Bulinus globosus. Ukubwa wake wapata ukucha wa kidole gumba. Ukimshika ncha ya gamba ikielekea juu na mlango ukikutazama, utaona mlango u upande wa kushoto. Hula ukoga wa majini, na kiangazi kikikausha dimbwi aweza kujificha topeni akingoja mvua. Hana mwiba wala sumu.

Nilisimama kando ya kijito kimoja adhuhuri pamoja na mwalimu wa shule. Watoto walikuwa wakioga na kucheka. Mwalimu akasema, “Wengine wao wakojoa damu, na wazazi hudhani ni dalili ya kukua tu. Je, bwana, tuwaue konokono hawa?”

Ndugu wasomaji, damu ile si dalili ya kukua, ni kichocho. Mnyoo wake aligunduliwa na tabibu Theodor Bilharz huko Misri mwaka 1851, na mwaka 1915 Robert Leiper akaonyesha, huko huko Misri, ya kuwa hupitia kwa konokono. Hapa Ifakara nako, maabara iliyoanzishwa na Rudolf Geigy wa Uswisi katika miaka ya 1950 imekuwa leo Taasisi ya Afya Ifakara.

Mambo huenda hivi: mgonjwa hukojoa majini, na mayai ya mnyoo huanguliwa. Kijidudu kitokacho humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka vijidudu vingi, hasa jua liwapo kali, navyo hupenya ngozi ya aogaye na afuaye.

Basi nilimjibu mwalimu: “Konokono huzaliwa safi, sisi ndio tumtiao ugonjwa. Tena kila mmoja ni dume na jike pia, hata akibaki mmoja aweza kukijaza kijito.”

Musa aliwaagiza Waisraeli wachukue chombo cha kuchimbia, wafukie uchafu wao nje ya kambi. Tazama Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Nasi na tuchimbe vyoo nyumbani na shambani kwenye madungu. Mtoto akojoaye damu apelekwe hospitali apewe dawa ya praziquantel. Lakini dawa haimkingi arudiye kuoga kijitoni. Maji ya kuogea na yatekwe kisimani. Ya kijito, yachemshwe kwanza.

Mwalimu yule aliwaita watoto watoke majini. Jioni alianza kupima mahali pa choo cha shule.