Uwanja wa Nahodha Coram

Wasomaji wetu, mwezi huu twawachukua mbali, mpaka mji wa London, si kutazama minara wala madaraja, bali uwanja mmoja wa watoto. Mtu atokaye katika stesheni ya Russell Square, akienda kwa miguu kidogo upande wa mashariki, hufika Brunswick Square. Na karibu yake, katika njia iitwayo Guilford Street, huona lango. Ndani yake mna majani ya kuchezea, na bembea, na kando yake safu za nguzo za kale. Sheria ya mahali hapo ni kwamba mtu mzima haingii asipokuwa na mtoto. Jambo hilo lilitufurahisha, maana ni mahali pachache duniani ambapo mkubwa huingia kwa fadhili ya mdogo.

Nguzo hizo ni masalio ya nyumba kubwa iliyoitwa Foundling Hospital, yaani nyumba ya watoto waliookotwa. Neno hilo la pili lisiwapoteze. Zamani Waingereza waliliita hivyo kila jengo la kupokea maskini, wala si la wagonjwa tu. Aliyeianzisha ni Thomas Coram, nahodha na mjenzi wa merikebu, ambaye alifanya kazi Amerika kisha akarudi kwao. Kila alipokwenda mjini na kurudi, aliwaona watoto wachanga wametupwa kando ya njia, wengine wangali hai, wengine wamekwisha kufa. Akaanza kuomba msaada, akaomba miaka 17. Wengi walimkatalia, wakisema kuwapokea watoto kama hao ni kuwatia watu moyo wa uasherati. Ndipo akawaendea mabibi wa nyumba za kifahari, na 21 kati yao wakatia sahihi zao. Waume zao wakafuata nyuma. Tarehe 17 Oktoba 1739 Mfalme George wa Pili akatoa hati.

Watoto wa kwanza, 30 kwa hesabu, walipokewa usiku wa tarehe 25 Machi 1741, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Hatton Garden. Nafasi zikajaa, na akina mama waliobaki wakarudishwa mlangoni na watoto wao mikononi. Waliopokewa wakabatizwa, wa kwanza wakapewa jina la nahodha mwenyewe, na la mkewe Eunice. Kila mtoto alipewa jina jipya, na jina la mamaye halikuulizwa. Twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuandike.

Kwa sababu waombaji walizidi nafasi, tangu mwaka 1742 ilipigwa kura. Mama alitia mkono mfukoni akatoa tufe dogo. Likiwa jeupe, mtoto alipokewa, ikiwa hana ugonjwa wa kuambukiza. Likiwa jeusi, alirudi naye. Likiwa jekundu, alingoja aone kama mmoja wa wale weupe atakataliwa. Watu wenye vyeo walikuja kutazama. Sisi twaona ilikuwa haki kwa namna moja, maana hapakuwa na upendeleo. Lakini kuyatazama machozi ya mwenzio kama mchezo ni jambo baya.

Mtoto alipopokewa, karani aliandika katika karatasi siku, na nguo alizovaa, na alama za mwilini. Wala hakuandika jina la mama. Basi ili aweze kumtambua mwanawe siku moja, mama aliacha kitu: sarafu iliyokatwa au kuchorwa, pete, ganda la kokwa, au kipande cha kitambaa. Karatasi ilikunjwa, ikatiwa muhuri, isifunguliwe mpaka mama aje kudai. Katika jumba la makumbusho lililofunguliwa hapo Brunswick Square mwaka 2004 vitu hivyo vinaonekana. Ni vidogo mno. Mama mmoja alileta mwanawe mwaka 1767, akaacha nusu ya kitambaa cha viraka kilichotariziwa moyo kwa uzi mwekundu. Nusu ya pili akaondoka nayo. Mwaka 1775 alirudi akampata mtoto wake hai. Bahati yake haikuwa ya wengi. Katika watoto 16,282 waliopokewa tangu 1741 mpaka 1760, waliorudiwa na wazazi ni 152 tu.

Hesabu hiyo ni kubwa kwa sababu ya miaka minne iliyo chungu kuliko yote. Mwaka 1756 Bunge lilitoa fedha, kwa sharti kwamba mtoto yeyote asikataliwe. Kikapu kikatundikwa langoni pamoja na kengele. Siku ya kwanza waliletwa watoto 117. Wachukuzi waliwaleta kutoka mbali mashambani, na wengine walikufa njiani. Hata ilipofika 1760, watoto karibu 15,000 walikuwa wamepokewa, na zaidi ya 10,000 kati yao walikufa. Wanyonyeshaji hawakutosha. Bunge likaacha kutoa fedha kwa ajili ya wapya, na nyumba ikarudi kupokea wachache, safari hii kwa maombi badala ya kura.

Lakini tusiwanyime sifa yao. Wachanga walipelekwa vijijini kwa mama wa kunyonyesha, wakakaa huko mpaka umri wa miaka mitano hivi. Walichanjwa ndui wakati ambapo wengi waliogopa. Walifundishwa, kisha wakawekwa kuwa wanagenzi wa kazi. Mtunzi wa nyimbo Handel aliwaimbisha watu Messiah katika kanisa lao mwaka baada ya mwaka ili kuwapatia fedha. Walakini mtoto aliyezoea kumwita mwanamke wa kijijini mama alinyang'anywa tena, akarudishwa mjini katika sare na safu. Hivyo alipoteza mama mara mbili.

Tena katikati ya karne ya 19 wakuu wa nyumba walizifungua zile karatasi, wakatoa baadhi ya vitu wakaviweka katika kabati za vioo, wageni wavione. Kwa tendo hilo kitu kilitengwa na karatasi yake, na karatasi ndiyo iliyomtaja mtoto. Wataalamu wa siku zetu wametumia miaka mingi kuviunganisha tena kimoja kimoja.

Mwaka 1926 watoto walihamishwa kutoka London, na jengo likabomolewa. Wafanya biashara walitaka kiwanja. Wenyeji wakachanga fedha kukikomboa, na mwaka 1936 kikawa uwanja wa kuchezea. Katika miaka ya 1950 shule ya bweni ilifungwa, na chama kikaanza kuwatafutia watoto nyumba za watu badala ya mabweni. Mwaka 1989 mataifa yalipatana juu ya haki za mtoto, na kifungu cha saba chasema mtoto awe na jina tangu kuzaliwa kwake, na kwa kadiri iwezekanavyo awajue wazazi wake na kutunzwa nao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo yasema vivyo hivyo juu ya jina na wazazi.

Chama hicho chaitwa Coram hata leo. Huwatafutia watoto wazazi wa kuwalea, na tangu 2011 kina wanasheria wake wa watoto. Hawa huwashauri bila malipo vijana ambao shule imewafukuza isivyo haki, na watoto waliokulia Uingereza bila karatasi za uraia, ambao hugundua siku ya kutafuta kazi au chuo kwamba serikali haiwajui. Kazi yao kubwa, kwa hao wa mwisho, ni kutafuta ushahidi: cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, daftari la zahanati, kitu chochote kiwezacho kuonyesha kwamba mtoto huyu ni nani na amekaa wapi.