Gari la masaa 24 kwenye njia ya Kabambare

KASONGO, Maniema – Kwa miezi minne, watu waliopita mbele ya garaji moja ya mjini Kasongo walizoea kusimama. Chini ya mwembe kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyejua akiite jina gani. Pua yake ilikuwa pana na bapa kama kichwa cha kambale, na nyuma kilibeba bawa refu la bati. Watoto waliotoka shule walikiita ndege. Wamama waliokwenda sokoni walikiita jeneza la tajiri.

Kijana aliyekuwa akikitengeneza hakukasirika. Ana miaka 23 na kazi ya kuchomea vyuma aliifundishwa na mjomba wake, mwenye garaji. Kila usiku, simu ikiwa na moto na mtandao ukikubali, alikuwa akitazama picha za magari ya Le Mans, kule Ufaransa. Hayo ni mashindano yaliyoanza mwaka 1923. Gari moja linaendeshwa na madereva watatu wanaopokezana usukani kwa masaa 24, mchana na usiku, kwenye mzunguko wa zaidi ya kilometa 13. Anayeshinda ni yule aliyezunguka mara nyingi zaidi. Mwaka 2025 Ferrari 499P iliyoshinda ilizunguka mara 387, zaidi ya kilometa 5200 kwa siku moja. Ni kama kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi kwa njia ya ndege, kurudi, kwenda tena, na bado njia inabaki.

Kasongo na Kabambare zinatenganishwa na zaidi ya kilometa 100 tu. Lakini wakati wa mvua, kamyo iliyonaswa na matope kwenye njia hiyo inaweza kumaliza siku nyingi bila kusogea, na madereva wake wanapika, wanalala na kufua nguo hapo hapo. Huko Kabambare ndiko anakoishi mama wa kijana. Ndoto yake ilikuwa kufika kwa mama na gari lenye sura ya Le Mans, gari la kupita barabarani kama mengine.

Shida ilikuwa moteri. Haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya pikipiki ya mipira mitatu, ile ya kubeba mizigo, ambayo mama aliinunua kwa kuuza mchele wa misimu miwili ili mtoto apate kazi. Kila mfuko wa mchele au bidoni ya mawese aliyoisafirisha ilikuwa ni posho ya nyumba mbili.

Siku aliyomweleza mjomba wake mpango huo, mzee aliweka ufunguo chini.

"Mwipwa wangu, hiyo moto ni ya dada yangu. Ukiiua, mimi nitapeleka uso wangu wapi?"

"Mujomba, sitaiua. Nitaivalisha tu."

"Basi uivalishe nguo ya kuvua. Siku ya posho ivuliwe, iende kazini."

Hayo ndiyo yakawa masharti: kazi ifanyike Jumapili, shasi isikatwe, na kila kipande cha sura hiyo kifungwe kwa bulo, kisichomewe moja kwa moja. Kijana aliona anabanwa. Alitaka kitu kizima, kilichoshikana. Ni baadaye, alipotazama vizuri mafundi wa Le Mans wakiwa kazini, ndipo alipoona kwamba mjomba wake, ambaye hajawahi kutazama mashindano hayo, alikuwa amesema jambo lile lile. Magari yale yametengenezwa yafunguliwe upesi. Pua nzima inatoka kwa mara moja, na mgongo wa nyuma vilevile. Gari likigonga usiku linaingia kwa mafundi, pua mpya inawekwa, linarudi njiani. Gari la mbio tu linaweza kujengwa lisifunguke. Lile la kuvumilia linajengwa kwa kujua kwamba litavunjika.

Kazi ikaendelea hivyo. Mbavu alizikunja kwa nondo nyembamba. Ngozi aliitoa kwenye mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na taa zilikuwa za batri, zimepangwa mstari mmoja mwembamba kama macho ya paka. Mpira wa mbele ulibaki mmoja, umefichwa chini ya pua, na paa hakuweka. Dereva alionekana kifua na kichwa, kama mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi. Kijana hakumdanganya mtu. Aliyeuliza kama linakimbia kama yale ya Ulaya alijibiwa kwamba moteri ni ile ile ya kubebea mchele.

Jumapili ya kulijaribu, vijana wengi walifuata nyuma kwa miguu na kwa kinga. Kwa sababu magari ya mashindano yanakaribia kulamba barabara, naye alikuwa ameshusha pua mpaka vidole vinne kutoka ardhini. Lilipita vizuri mbele ya maduka. Halafu likakuta mfereji uliochimbwa na mvua katikati ya njia, hata haukuwa mkubwa. Pua iliingia, ikakunjika chini, bulo mbili zikang'oka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walilirudisha garaji kwa kulisukuma, bawa likitikisika.

Wiki mbili kijana hakugusa kitu. Asubuhi alivua bati, akaenda na mizigo, jioni akarudi kimya. Kwa yeye, kulinyanyua gari lile ilikuwa ni kuliharibu. Likiwa juu, alisema, litakuwa pikipiki iliyovaa bati.

Kilichomrudisha kazini ni habari ya gari lingine. Mwezi wa 6 mwaka 2025, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilionyesha gari moja tu linaloitwa 963 RSP, lililotoka kwenye 963 yake ya mashindano na kutengenezwa kwa heshima ya Roger Penske, tajiri Mmarekani mwenye timu ya magari. Lilipita kwenye barabara za kawaida za Ufaransa, katikati ya magari ya watu. Miaka 50 kabla ya hapo, mwaka 1975, tajiri mmoja wa Italia, Count Rossi, alikuwa ameendesha Porsche 917 ya mashindano kutoka Stuttgart mpaka Paris, ikiwa na namba za jimbo la Alabama, Marekani.

Kijana alisoma orodha ya mambo waliyobadilisha kwenye hiyo 963. Walilinyanyua mpaka mwisho wa kipimo chake. Amotisa walizilegeza mpaka mwisho wa ulaini. Waliweka honi. Waliweka mipira ya mvua, yenye mifereji. Walitengeneza hata mahali pa kuweka kikombe. Alimpelekea mjomba simu.

"Mujomba, hata wao walinyanyua."

"Na barabara yao ni ya lami," mzee akajibu, kisha akamtafutia bulo mpya.

Pua ilinyanyuliwa kwa zaidi ya shubiri moja, na chini yake kikafungwa kipande cha mpira wa kamyo, kikigusa ardhi kijikunje bila kuvunjika.

Wakati huo habari zilikuwa zimeshafika Kabambare, kwa sababu wenye pikipiki hawabebi mizigo peke yake. Mama alipiga simu.

"Naambiwa moto yangu imekuwa ndege."

"Hapana, mama. Ni nguo tu."

"Na hiyo nguo ikiwa juu yake, inabeba mifuko mingapi?"

Kijana alinyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa: hata mmoja. Mgongo na bawa vilifunika sanduku lote la nyuma.

Mjomba alimkumbusha habari ya jirani zetu wa Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza gari lililoitwa Nyayo Pioneer, likaonyeshwa mwaka 1990 mbele ya rais na umati wa watu. Magari matano yalitengenezwa, lakini hayakufika sokoni. Kupigiwa makofi siku ya kwanza si kitu kidogo, mzee alisema, lakini gari linaulizwa siku ya pili litafanya kazi gani.

Mgongo wa bati ukakatwa. Sanduku la mizigo likaonekana tena, na bawa likahamishiwa kwenye ukingo wake wa nyuma, likawa sehemu ya kufungia kamba. Wanaopenda sura ya kwanza wanasema limeharibika. Mizigo yake, hata hivyo, imeongezeka: wafanyabiashara wa mchele wanaliita kwa jina, na mteja akitaka kumwelekeza mwingine anasema tu, "ile yenye macho ya paka".

Mvua zilipoanza, pua ilivuliwa na kutundikwa ukutani mwa garaji. Kijana anangoja kiangazi, miezi ile ile ambayo Le Mans wanakimbia, ili ajaribu njia ya Kabambare, na madaraja yake ya miti. Kila jioni anaweka pembeni franka kidogo za mpira wa akiba, mnyororo na esansi.

Mama ametuma masharti yake. Mtoto akifika na mifuko miwili ya chumvi, atapikiwa kuku. Akifika na bawa peke yake, atalala nje pamoja nalo.